Irja Salmela na Alama ya Kujumlisha

Irja Salmela alizaliwa katika mtaa wa Wafini pale Thunder Bay, akasomea hapo, akaolewa hapo, na alipoitwa Toronto kwa kazi kubwa zaidi alikataa, akisema kwamba nyumba za kule hazina sauna, kile chumba cha kuogea mvuke. Hiyo ndiyo sababu aliyoitoa. Mimi nilikaa naye chumba kimoja cha kazi kwa miaka mingi, meza yangu ikitazamana na yake, na nadhani sababu ya kweli ni kwamba alikuwa mtu aliyeridhika. Watu wa namna hiyo si wengi. Ukikaa karibu na mmoja wao unaanza kumchunguza ujue anafanyaje. Sikujua anafanyaje, lakini niliona mengi, na moja nitalisimulia.

Ofisi yetu ilichora ramani: barabara za malori ya magogo, njia za pikipiki za theluji, vina vya maziwa. Irja alitunza kompyuta. Pembeni ya kazi hiyo alikuwa na kazi nyingine isiyo na mshahara, nayo ni Tiira.

Tiira kwa Kifini ni ndege wa majini, mwembamba, mwenye mkia kama mkasi. Lakini Tiira ninayoisema hapa ni programu. Mtu mwenye mafaili anayoyabadilisha kila siku huikabidhi Tiira, nayo hukumbuka kila hatua: jana faili lilikuwaje, nani aliligusa, na ukiharibu leo unarudi kwenye lile la jana. Waliijenga watu waliotawanyika duniani ambao wengi wao hawajawahi kuonana, wanaoandikiana barua pepe mchana kutwa. Mkuu wao alikuwa Orest Hnatiuk, mtu wa Winnipeg, mwalimu wa hesabu aliyestaafu. Hakuna kilichoingia ndani ya Tiira bila yeye kukubali. Irja ndiye aliyekuwa ameipa programu hiyo jina la ndege, na ofisini kwetu sote tuliitumia kwa sababu yeye ndiye aliyetufundisha.

Basi mwezi wa tatu wa mwaka mmoja, Gail akapoteza kazi yake ya msimu mzima.

Gail Pruden ndiye aliyekuwa akipanda pikipiki ya theluji na kwenda kupima njia zenyewe. Mwanamke mpana, mcheshi, mkono mmoja daima una kikombe cha kahawa. Siku hiyo alikuwa amebadilisha vitu vingi kwenye ramani kwa majaribio, vingi vikawa vibaya, naye akataka kuvirudisha vyote vilivyokuwa, isipokuwa folda moja tu, ile ya ziwa Shebandowan, ambako alikuwa na vipimo vipya vya majira yote ya baridi, ambavyo hakuwa amevikabidhi kwa Tiira bado. Sasa Tiira wakati ule haikujua neno "isipokuwa". Ilibidi utaje folda moja moja zile unazotaka zirudishwe. Gail akaanza kuzitaja, akachoka, akatumia kinyota, ile alama inayosimama badala ya jina lolote. Kinyota kikashika zaidi ya alivyotaka. Shebandowan ikarudi kama ilivyokuwa kabla theluji haijaanguka.

Alikaa akitazama kioo cha kompyuta. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Irja, njoo uone. Nadhani nimekufa."

Irja akaja, akainama, akajaribu hili na lile. Mwishowe akavuta kiti akakaa.

"Haipo," akasema.

"Haipo kabisa?"

"Ungekuwa umeikabidhi hata mara moja, ningekutolea. Tiira haiwezi kukumbuka kitu ambacho haikuonyeshwa."

"Basi." Gail akanywa kahawa yake yote. "Shoga, una buti nzuri za theluji?"

"Ninazo. Kwa nini?"

"Kesho tunarudi kupima. Na wewe unakuja, maana programu ni yako."

Wakaenda. Barafu ya mwezi wa tatu haiaminiki kama ya mwezi wa pili, kwa hiyo walipita pembeni mwa ziwa palipo imara, Gail mbele, Irja akimfuata na pikipiki ya kuazima. Adhuhuri wakasimama wakafungua chupa ya chai na mkate mtamu wa iliki ambao Irja huoka kila wiki. Hadithi ya hapo alinisimulia Gail mwenyewe, akicheka.

"Nikamuuliza, hivi hiyo Tiira yenu mliitengenezea watu au mlitengenezea mashine? Akasema watu. Nikamwambia, mimi ni mtu, na mimi nilitaka kusema hivi: rudisha vyote ila Shebandowan. Mtoto wa darasa la kwanza ningemwambia hivyo angenielewa. Kwa nini ndege wenu hanielewi?"

"Akasemaje?"

"Akaacha mkate mdomoni, hatafuni. Nikajua leo nimeharibu mwezi wake."

Haukuwa mwezi. Ulikuwa karibu mwaka mzima.

Kwa mtu asiyejua mambo haya, shida inaonekana ndogo. Si uongeze tu neno "ila" liishe? Ndivyo nilivyomwambia Irja mwenyewe, naye akanigeukia na uso wa furaha, kwa sababu hakuna kitu alichopenda kama mtu kumwuliza.

"Sawa," akasema. "Andika 'ila' kisha 'Shebandowan'. Tiira itafikiri nini?"

"Itafikiri niache Shebandowan."

"Itafikiri una faili linaloitwa 'ila' na lingine linaloitwa 'Shebandowan'. Kila neno unaloandika pale ni jina la faili. Hakuna neno duniani ambalo haliwezi kuwa jina la faili la mtu fulani."

"Basi weka alama mbele yake. Mtu ajue hili si jina."

"Alama gani?"

"Ya mshangao."

"Kila mtu anataka ya mshangao." Akanivutia kiti. "Kaa hapa."

Akanionyesha. Kumbe lile dirisha jeusi tunamoandika amri lina tabia zake. Kabla amri haijafika kwa Tiira, dirisha lenyewe huipekua kwanza, na alama lilizozizoea linazimeza. Ukiandika alama ya mshangao, linadhani unataka lirudie amri ya zamani, linaichomeka katikati ya maneno yako, na kinachofika kwa Tiira hakieleweki. Alama ya reli, #, inafuta kila kitu kinachoifuata. Kiwimbi, ~, kinageuka kuwa jina la folda ya nyumbani kwako. Mabano yanalifanya ligome kabisa. Kistari tayari ni cha kuanzishia maagizo mengine. Na alama inayopita salama kwenye kompyuta ya aina moja, unaikuta inaliwa kwenye kompyuta ya aina nyingine.

"Kama mpaka wenye askari," nikasema.

"Kama mpaka wenye askari wa nchi tano, na kila mmoja anakamata bidhaa yake. Mimi natafuta kitu ambacho wote hawakitaki."

Alikitafuta wiki nyingi. Teuvo, mumewe, alikuwa mfua majiko ya sauna, mtu mrefu mwenye ndevu na maneno machache. Aliniambia kwamba katika siku hizo mkewe alikuwa akisimama jikoni na kijiko mkononi akisema "asilimia" au "mkato," kisha anatikisa kichwa na kuendelea kukoroga. Mwishowe akaipata: alama ya kujumlisha. Dirisha la amri halikuijali. Kompyuta za kila aina ziliipitisha. Tiira yenyewe haikuwa ikiitumia popote.

Akaandika pendekezo lake. Nami nakumbuka lilivyokuwa kwa sababu alilijaribu kwetu kwanza, mimi na Gail. Alama ya kujumlisha, kisha neno, kisha nukta mbili, kisha njia ya faili, yaani jina lake na folda lilimo. Ukiandika +ila:Shebandowan, maana yake kila kitu isipokuwa hicho. Ukiandika +juu: inaanza kuhesabu kutoka juu kabisa ya kazi yote, si kutoka kwenye folda uliyosimama. Na ukitaka yote mawili unayaunganisha, +juu+ila: kisha jina.

"Na nikikosea?" Gail akauliza. "Nikiandika 'ial' badala ya 'ila'?"

"Inakataa. Inakwambia, neno hili silijui, na haifanyi kitu chochote."

"Haikisii?"

"Haikisii. Ulishakisiwa mara moja ukalala njaa ziwani."

"Sikulala njaa, nilikula mkate wako wote."

Hilo la kukataa ndilo alilolipigania kuliko yote. Alisema chochote kinachoanza na alama ya kujumlisha kiwe chini ya sheria hii, hata kama neno halijulikani, kwa sababu programu ikianza kudhani kwamba neno lililokosewa pengine ni jina la faili, itafika siku itadhani vibaya. Akalipeleka pendekezo kwa wenzake wa Tiira.

Barua zikaja kama mvua. Mwenzao mmoja wa Ureno alitaka alama ya mshangao, kama Irja alivyotabiri. Mwingine alitaka herufi moja moja badala ya maneno, maana vidole vinachoka. Mwingine alitaka lugha nzima, yenye "na" na "au" na mabano ndani ya mabano, na aliandika kurasa nyingi kueleza. Irja aliwajibu wote kwa upole, asubuhi kabla ya kuanza kazi, huku anakula andazi lake la Persian lenye sukari ya rangi ya waridi juu, lile ambalo kila ofisi ya mji wetu lazima iwe nalo siku ya Ijumaa.

Orest ndiye aliyechelewa kujibu, na jibu lake likawa fupi. Aliandika kwamba jina la faili ni jina la faili, halina uchawi. Kwamba kuna watu duniani wenye amri walizoziandika zamani na kuziacha zifanye kazi zenyewe kila siku, nao hawasomi barua zetu, na siku jina la faili lao litakapoanza na alama ya kujumlisha, sisi tutakuwa tumewavunjia kazi na hatutajua. Mwisho akasema: hapana, kwa sasa.

Irja akamwandikia kwamba hakuna mtu anayeanza jina la faili kwa alama ya kujumlisha. Alikuwa ametafuta. Alikuwa amepekua mafaili ya watu wengi walioyaweka wazi, na hakukuta.

Orest akajibu kwa mstari mmoja: "Hujaona ya watu ambao hawakuyaweka wazi."

Nilimwona Irja siku hiyo. Aliisoma barua, akaifunga, akaenda kumwagilia maua ya dirishani ambayo hayakuhitaji maji. Nikamwuliza kama ameudhika.

"Kidogo," akasema. "Kinachoniudhi ni kwamba hajakosea. Na mimi pia sijakosea. Ningependa mmoja wetu awe amekosea, ingekuwa rahisi."

Kisha theluji ikayeyuka, watu wa mji wetu wakafanya wanachofanya kila mwaka, yaani wakahamia kambini, kwenye vibanda vyao vya kando ya maziwa. Kambi ya Irja na Teuvo ilikuwa kando ya ziwa, kibanda cha mbao, gati dogo, na sauna ambayo Teuvo aliijenga kwa mikono yake na kuibadilisha jiko kila anapobuni jipya. Majira yote ya joto Irja hakuandika neno juu ya jambo lile. Aliogelea, akachuma matunda ya porini, akapaka gati rangi. Mimi nilialikwa wikiendi moja na nikamwuliza kama ameliacha.

"Sijaliacha. Limelala tu," akasema, akarudi kwenye rangi yake.

Mwezi wa tisa ikaja barua kutoka kwa Orest isiyokuwa na habari za Tiira. Alikuwa anaendesha gari kwenda Sudbury kumtembelea binti yake, barabara inapita kwetu, je, angeweza kusimama kusalimia? Miaka yote hiyo walikuwa hawajawahi kuonana. Irja aliisoma kwa sauti mbele yetu, kisha akaisoma tena kimyakimya.

"Anakuja kukukatalia uso kwa uso," Gail akasema.

"Basi nitampikia kwanza."

Alifika Jumamosi asubuhi. Nami nilikuwepo, kwa kuwa Irja alitutaka mimi na Gail twende, pengine ili asiwe peke yake. Tulimtegemea mtu mkali. Akashuka kwenye gari mzee mfupi, mnene kidogo, amevaa sweta lililofumwa nyumbani, na mkononi ana mtungi wa kachumbari ya matango aliyoitia chumvi mwenyewe. Akasimama mbele ya Irja, wote wawili hawajui wafanye nini. Ukiwa umebishana na mtu kwa miaka kumi bila kumwona uso, kumpa mkono kunakuwa kugumu.

"Nilidhani wewe ni mrefu," akasema Orest.

"Nami nilidhani wewe ni mwembamba," akajibu Irja.

Wakacheka, na baada ya hapo mambo yakawa mepesi.

Irja akapika chapati za maji za Kifini, nyembamba, pana kama sahani, na kila mtu akazikunja na jemu ya matunda yake. Orest alikula nyingi. Walizungumzia watoto wake, theluji ya Winnipeg, na goti lake. Tiira hawakuigusa. Ilikuwa kama mezani pamewekwa kitu kikubwa kilichofunikwa na kitambaa, na kila mtu anakizunguka. Kisha Teuvo akasimama na kusema kwamba sauna imepata moto.

Kwa desturi ya kule wanaume huingia kwa zamu yao, wanawake kwa zamu yao. Teuvo na Orest wakaenda. Sisi tulibaki mezani na kahawa, tukasikia maji yakimwagwa juu ya mawe na mvuke ukinguruma, na sauti ya Orest ikiuliza jambo, na sauti ya Teuvo ikijibu kwa maneno mengi kuliko nilivyowahi kumsikia akisema.

Walikaa sana. Mwishowe mlango wa sauna ukafunguliwa, akatoka Orest, mwekundu kama nyanya, amejifunga taulo kubwa, akaja mpaka dirisha la jikoni lililokuwa wazi.

"Irja," akasema kwa utulivu. "Mumeo anatumia Tiira?"

"Anaitumia. Nilimwekea mimi. Alishapoteza mchoro wa jiko."

"Umewahi kuangalia majina ya mafaili yake?"

"Ya nini niyaangalie, ni majiko."

Orest akageuka. Nyuma yake Teuvo alikuwa amekuja, anakausha ndevu.

"Mwambie," Orest akasema.

Teuvo akamtazama mkewe, akatazama chini, kisha akasema, "Yale mazuri nayatia alama ya kujumlisha mbele. Yanakaa juu kwenye orodha. Nayaona haraka."

Gail ndiye aliyeanza kucheka, taratibu, mpaka akaweka kikombe chini kwa hofu ya kukimwaga. Nami nikashindwa kujizuia. Irja alikuwa amefunika uso kwa mikono yote miwili, na tukadhani analia, kumbe naye anacheka.

"Nimepekua dunia nzima," akasema. "Dunia nzima, Teuvo. Na wewe uko chumba cha pili."

"Hukuniuliza," akasema Teuvo.

"Tangu lini?"

"Tangu zamani. Kabla ya Tiira."

Orest hakumcheka. Akaenda kuvaa nguo, akarudi akaketi, na ndipo kwa mara ya kwanza akamweleza sababu ya woga wake. Miaka ya mwanzo alibadilisha kidogo namna kinyota kinavyofanya kazi. Alikuwa na uhakika hakuna atakayeumia. Akatumia majira mazima ya joto akijibu barua za watu waliovurugikiwa, na kwa kila barua hakuwa na la kusema zaidi ya samahani. "Tangu hapo," akasema, "mtu akiniambia hakuna anayefanya hivi, mimi namwona tu huyo mtu mmoja. Sikujua ana ndevu."

Irja akaleta kompyuta yake, ile yenye Tiira ya majaribio, na wakayahamishia humo majiko ya Teuvo. Akamwambia mumewe aandike kama anavyoandika siku zote. Teuvo akaandika polepole kwa vidole viwili: alama ya kujumlisha, kisha jina la jiko, ambalo lilikuwa "mzee". Tiira ikamjibu kwamba neno "mzee" hailijui, na haikufanya kitu.

"Angalau haijaharibu," Irja akasema.

"Haijaharibu," Orest akakubali. "Lakini imemkataa mzee wake."

"Andika nukta na mkwaju, ule mstari ulioinama, mbele yake," Irja akamwambia Teuvo. "Maana yake ni hapa hapa nilipo. Njia ikianza na nukta, haianzi tena na alama ya kujumlisha, kwa hiyo Tiira inajua ni jina la kawaida. Hili halihitaji kuongezwa kitu, limekuwepo siku zote."

Teuvo akafanya hivyo. Jiko likaonekana. Orest akainama karibu na kioo, na nikaona amependa. Lilikuwa jibu safi, lisilo na sheria mpya ya kukumbuka.

Lakini Teuvo alikunja mikono kifuani.

"Kwa hiyo nitakuwa naandika nukta na mkwaju maisha yangu yote."

"Ni herufi mbili, mpenzi."

"Kwa kila jiko."

"Ungeweza kubadilisha majina."

"Ningeweza," akasema Teuvo, kwa namna ya mtu anayesema hatafanya. "Mimi sihitaji hilo 'ila' lenu. Mimi nataka jiko langu liitwe linavyoitwa. Si muweke swichi mahali, mimi niibonyeze mara moja niendelee na kazi?"

Irja na Orest wakatazamana. Nadhani waliwaza pamoja, maana wote wawili walianza kusema kisha kila mmoja akanyamaza amwachie mwenziwe.

"Sema wewe," Irja akasema.

"Mpangilio mmoja," akasema Orest. "Mtu akiuwasha, alama ya kujumlisha inakuwa alama kama nyingine, kila jina linachukuliwa lilivyo. Mwenye zile amri zake za zamani zinazojiendesha anauwasha juu kabisa, mstari mmoja, basi. Hagusi kitu kingine."

"Na toleo la kwanza linalokuja," Irja akadakia, "lisifanye lolote jipya, litoe onyo tu. Likiona jina linaanza na alama ya kujumlisha, limwambie mwenyewe: toleo lijalo hii itakuwa na maana nyingine, fanya hivi au vile. Wapate muda."

"Muda mrefu."

"Mrefu utakavyo."

Orest akafikiri. Akachukua chapati ya mwisho iliyokuwa imepoa, akaikunja bila jemu. "Herufi moja moja sitaki," akasema. "Maneno kamili tu. Mtu akisoma amri ya mwenziwe aelewe."

"Mimi ndiye niliyesema maneno kamili tangu mwanzo."

"Najua. Nilikuwa nakubaliana nawe. Sikuandika tu."

"Orest, uliniacha miezi yote hii nikidhani umepinga kila kitu."

"Mtu anapopatia sina cha kuandika," akasema, na kwa jinsi alivyolisema ilionekana kwamba anaona ni jambo la kawaida.

Baada ya hapo ikawa zamu yetu wanawake kwenye sauna, na Irja akamwaga maji mengi juu ya mawe mpaka Gail akalalamika. Alikuwa anaimba chinichini. Orest alilala kwao usiku huo na asubuhi akaendelea na safari, mtungi wake wa kachumbari ukiwa umebaki mtupu mezani.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu sana. Irja aliiandika vuli ile, Orest akaipitia mstari kwa mstari na kurudisha maswali, na wale wa mbali wakaijaribu kwenye kompyuta zao. Yule wa Ureno aliomba mshangao mara moja ya mwisho, kisha akaandika sura nzima ya maelezo kwa ajili ya watumiaji, nzuri kuliko ambavyo Irja mwenyewe angeiandika. Onyo likatoka kwanza. Barua zilizoletwa na onyo hilo zilikuwa chache: mtunza nyimbo za kwaya, mtaalamu wa vyura, watu wa namna hiyo, kila mmoja na alama yake ya kujumlisha mbele ya vitu alivyovipenda zaidi. Irja alimjibu kila mmoja kwa jina, akampa mstari wa kuweka. Hakuna aliyekasirika. Mwenye vyura alimtumia picha.

Siku toleo kamili lilipoingia ofisini, Gail aliketi moja kwa moja kwenye kompyuta yake. Alikuwa na folda nyingi za kurudisha na moja ya kuacha, kama ilivyo kila mwaka mwisho wa majira ya baridi. Nilimwona akiandika, akasimama kidole hewani, akasoma alichoandika kwa sauti kama mtu anayesoma kibao cha barabarani, kisha akabonyeza. Akafungua folda yake moja, vipimo vyote vimo. Akanyanyuka, akaenda kwenye meza ya Irja, akamwekea andazi la Persian na kurudi kukaa. Irja akalila huku anafanya kazi, sukari ikimwangukia kwenye vitufe.

Tangu hapo sehemu yote ile ya Tiira, ile inayosoma njia za mafaili, Orest alimwachia yeye. Watu bado wanamwandikia wakitaka maneno zaidi: neno la mafaili makubwa tu, neno la mafaili ya jana, neno la mafaili yaliyoguswa na mtu fulani. Mengi anayakataa, na kila anapokataa anaeleza sababu, na wengine wanarudi na hoja nzuri zaidi, na mara chache anakubali. Moja la kutojali herufi kubwa na ndogo alilikubali baada ya mabishano ya msimu mzima na mwanamke mmoja wa Halifax, na sasa wale wawili ni marafiki wakubwa.

Tumestaafu sote sasa. Mara ya mwisho nilipopita kambini kwao ilikuwa barafu imetoka ziwani siku zile zile, maji meusi, baridi bado kali. Teuvo alikuwa chini kwenye gati akipigilia mbao zilizolegezwa na barafu. Irja alikuwa barazani amejifunika blanketi, kompyuta magotini, kahawa pembeni. Nikamwuliza anafanya nini.

"Namkatalia mtu wa Chile," akasema. "Kijana mwerevu sana. Kaa, karibu namaliza."

Nikakaa. Aliandika kwa muda mrefu, akifuta na kuandika tena, akitafuta namna ya kusema hapana ambayo yule kijana angependa kuijibu.